Alama za udhaifu kwa wazee waliolazwa: mbona wetu wengi wanapata sifuri?

#1 Mtunza_Faili
Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa wa rekodi katika hospitali moja hapa Nairobi, jina lake nalihifadhi. Mkubwa wetu alirudi kutoka mkutanoni akiwa amependa kitu kinaitwa HFRS (Hospital Frailty Risk Score, alama za hatari ya udhaifu kwa waliolazwa), hesabu ya Waingereza iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2018. Inatumia misimbo ya ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya magonjwa, iliyokwisha kuandikwa kwenye rekodi za mgonjwa. Misimbo ni 109, kila mmoja na uzito wake, unajumlisha tu. Chini ya 5 mzee ana hatari ndogo, 5 hadi 15 yuko katikati, zaidi ya 15 shughuli ipo: huenda akakaa wodini muda mrefu, akarudi upesi baada ya kuruhusiwa, au akafariki ndani ya mwezi. Kilichompendeza mkubwa ni kwamba hakuna anayetumwa kwenda kumpima mzee. Kompyuta inapiga hesabu watu wakiwa wamelala.

Nikaambiwa nijaribu kwa wagonjwa wa miaka 75 kwenda juu. Wengi mno wamepata sifuri. Nikashuka wodini na orodha. Sista akaisoma, akacheka, akanionyesha kitanda kimoja kimoja: huyu analishwa, huyu anageuzwa, yule hajui yuko wapi tangu jana. Wote kwangu ni sifuri. Aliyeongoza orodha nzima, mwenye 11.3, tulimkuta nje anaota jua na gazeti mkononi.

Swali: kosa liko kwenye hesabu, kwetu watu wa rekodi, kwa madaktari, au wazee wetu wako tofauti na wa kule?

#2 Jamaa_wa_Githurai
Wazee wetu wamekula nduma na mihogo toka utotoni, sifuri ni haki yao. Funga uzi.

#3 Mwalimu_Takwimu
Kabla hujamlaumu mtu, fungua ile orodha ya misimbo 109 uisome yote. Presha ya kawaida, I10, haimo. Kisukari cha ukubwani, E11, hakimo. Walioitengeneza walitafuta kundi la wazee wanaolazwa sana na kutumia vitanda vingi, kisha wakaokota misimbo inayojitokeza zaidi kwa hao kuliko kwa wazee wengine. Presha kila mzee anayo, haiwezi kukuambia nani ni nani.

Yenye uzito ni mingine. Usahaulifu wa Alzheimer, F00, una 7.1, huo peke yake unamtoa mtu kundi la chini. Kupooza upande mmoja, G81, 4.4. Masalia ya kiharusi, I69, 3.7. Kuchanganyikiwa ghafla, F05, 3.2. Kuanguka, W19, 3.2. Shida za njia ya mkojo, N39, 3.2.

Kwa hiyo nakuuliza wewe: kwenye mfumo wenu, mzee wa miaka 80 kwa kawaida huandikwa ana nini?

#4 Mtunza_Faili
@Mwalimu_Takwimu presha na sukari. Umenimaliza.

#5 Mwalimu_Takwimu
Na huyo wako wa gazeti nakubashiria: 4.4 + 3.7 + 3.2. Alipata kiharusi, akapooza upande, halafu mkojo au kuanguka.

#6 Mtunza_Faili
Ni mkojo. Wewe ni mganga?

#7 NesiWaUsiku
Jina langu linajieleza. Hiyo F05 mnayoitaja mimi naijua kwa sura. Shosho anaingia mchana akiwa sawa kabisa, anasalimia, anauliza kama umekula. Saa nane usiku anavua mpira wa dripu, anataka kwenda kukama ng'ombe, anamwita mumewe aliyezikwa zamani. Asubuhi ametulia, daktari akipita anamkuta analala fofofo. Unajua kinachoandikwa kwenye ripoti ya usiku? "Mgonjwa alisumbua." Basi. Pengine wanaongeza sindano ya kumtuliza, na kesho yake anakuwa mbaya zaidi.

Hiyo "alisumbua" ni 3.2 zako zimepotea, Mtunza_Faili. Huwezi kuzipata kwenye kompyuta kwa sababu hakuna aliyeziweka.

#8 Daktari_Mchovu
Sawa, lawama zinakuja kwetu, nazipokea nusu. Fomu ya kumruhusu mgonjwa ina nafasi ya ugonjwa mkuu na kamstari ka "mengineyo". Unaijaza huku wengine wanakungoja kwenye korido na jamaa wa mgonjwa wameshika mlango kwa sababu gari la kumrudisha nyumbani linahesabu saa. Unaandika nimonia. Kwamba mzee huyu hakuweza kwenda choo mwenyewe hata kabla ya nimonia, huandiki, maana si ugonjwa uliomleta.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mikutano hawalisemi. Kule Uingereza hospitali zina watu walioajiriwa kusoma faili nzima na kutoa misimbo, na malipo ya hospitali yamefungwa kwenye misimbo hiyo. Mgonjwa mmoja anatoka na misimbo kumi bila mtu kushangaa. Hapa unaandika kile ambacho dai la bima litalipia. Bima ya taifa, zamani NHIF, sasa SHA tangu Oktoba 2024, hakuna anayelipwa shilingi zaidi kwa kuandika kwamba mzee alianguka bafuni. Tunaandika nyonga imevunjika, tumemaliza.

#9 Msamaria_Leeds
Salamu kutoka kwenye baridi. Nafanya kazi wodi ya wazee huku. Hiyo HFRS inafanya kazi vizuri sana, kila mgonjwa wa 65 kwenda juu akiingia mapokezi ya dharura anapimwa, tunaandika namba 1 hadi 9 kwenye ubao, na walio 6, 7 daktari wa wazee anawaona siku hiyo hiyo. Sijui kwa nini nyumbani tunapenda kufanya mambo yawe magumu.

#10 Mwalimu_Takwimu
@Msamaria_Leeds unachokieleza ni kitu kingine. Namba 1 hadi 9 ni kipimo cha Rockwood wa Kanada, kilianza mwaka 2005 kikiwa na ngazi 7, baadaye zikawa 9. Hicho mtu anamwangalia mgonjwa, anamuuliza, anaamua. HFRS ni misimbo tu, ilijengwa kwa walio na miaka 75 au zaidi waliolazwa kwa dharura, na haina ngazi ya 6 wala 7.

Na kuna cha tatu watu hukichanganya humo humo: eFI, ya mwaka 2016, inayosoma rekodi za daktari wa familia na kuhesabu upungufu 36. Hapa Kenya hatuna hata huyo daktari wa familia wa kushika rekodi yako miaka yote.

#11 Msamaria_Leeds
Sawa mwalimu, tutanyoosha mikono kabla ya kusema. Lakini hoja yangu iko pale pale: mtu anamwangalia mzee kwa dakika moja, kazi imekwisha.

#12 NesiWaUsiku
Dakika moja ya nani 😂

#13 Binti_wa_Kaloleni
Mimi si mtu wa afya, ni mtoto wa mgonjwa. Mtunza_Faili, umesema hesabu inaangalia rekodi. Rekodi za wapi? Mama yangu ana miaka 79. Sukari anaendea kiliniki moja, macho kwingine, alipoanguka tulimkimbiza hospitali iliyokuwa karibu na harusi tuliyokuwa tumeenda, na nimonia alilazwa kwenye ya misheni kwa sababu nafasi ilipatikana huko. Kila mahali wanamfungulia faili mpya. Kwingine ameandikwa kwa jina la ubatizo, kwingine la baba yake, kwingine la mumewe. Kiliniki ya sukari hata faili hakuna, unanunua daftari la shule nje ya geti, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Lile la kwanza lililoloweshwa na mvua tukatupa.

Kwa hiyo hospitali yako ikimpokea leo itaona mama mpya asiyewahi kuugua. Sifuri.

#14 Mwalimu_Takwimu
@Binti_wa_Kaloleni hii ni nzito kuliko mnavyodhani. HFRS hairidhiki na kulazwa huku tu, inarudi nyuma miaka miwili na kukusanya misimbo ya kila alipolazwa. Kule mtu ana namba moja ya NHS, huduma yao ya afya ya umma, nchi nzima. Hapa mfumo wa wizara tulio nao tangu 2011, ule wa DHIS2, unapokea jumla: nimonia ngapi, malaria ngapi. Unahesabu matukio, hauwezi kumfuata mama mmoja kutoka hospitali hii hadi ile.

#15 Jamaa_wa_Githurai
Kwani alama za vidole tulizopiga SHA ni za nini kama si hizo?

#16 Daktari_Mchovu
Za kulipa. Kujua mwanachama ni yupi si sawa na kujua daktari mwenzangu aliandika nini mwaka jana.

#17 Mzee_Kijana72
Nimesoma kutoka juu. Mimi nina miaka 72, mwalimu mstaafu, natembea kwa miguu kutoka Jericho hadi Gikomba na kurudi nikitaka. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya sikio. Kijana wa usajili akamtazama mwanangu akamuuliza, "Mzee anaumwa wapi?" Nami nimekaa hapo mbele yake! Na sasa mnataka kompyuta iniandike dhaifu usiku nikiwa nimelala, bila hata kunisalimu. Mkishaniandika, hiyo karatasi inakwenda wapi? Nani ataisoma? Itasema nipewe kitanda au ninyimwe?

#18 Mpwani_Eastleigh
Shikamoo mzee wangu. Hilo swali la mwisho ndilo lililonileta.

#19 Wakili_Mtaani
Mzee ameuliza jambo la kisheria hata kama hakulitia koti. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo unamgusa kwa uzito. Mkubwa wa Mtunza_Faili akisema "zaidi ya 15 asipelekwe ICU" na hakuna binadamu aliyetia neno, hapo ana kesi. Akisema "zaidi ya 15 aletewe mtaalamu wa viungo mapema", sidhani kuna atakayelalamika.

#20 Msamaria_Leeds
Hofu ya mzee si ya bure. Machi 2020, korona ilipopamba moto, mwongozo wa hapa Uingereza ulisema kipimo cha Rockwood kitumike kuamua nani apelekwe ICU. Watu wa vyama vya walemavu wakapiga kelele, maana kijana mwenye ulemavu wa kuzaliwa anayesaidiwa kuvaa angehesabiwa kama mzee aliyechakaa. Mwongozo ukarekebishwa upesi, wakaandika kwamba kisitumike kwa walio chini ya miaka 65 wala kwa wenye ulemavu wa kudumu usiobadilika.

#21 Mzee_Kijana72
@Mpwani_Eastleigh marahaba. Basi na hiyo 75 mnayoitaja, mnaipata wapi? Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Januari. Mama aliniambia nilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, mvua za vuli, watu wamefungiwa vijijini. Karani wa usajili alinitazama meno akaandika mwaka anaoujua yeye.

#22 Mtunza_Faili
Mzee wangu, orodha yangu imejaa 1 Januari. Ningeitumia kama uthibitisho wa kuzaliwa tungefanya sherehe moja kwa mwaka, wodi nzima.

#23 Jamaa_wa_Githurai
Na wengine miaka waliongeza ndio wafike 70 wapate zile 2,000 za Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee. Mjomba wangu mmoja ni mkubwa kuliko mamake kwa karatasi.

#24 Mpwani_Eastleigh
Haya tuyarejeshe mazungumzo chomboni. Mimi nauza dawa. Kama misimbo haitoshi, mbona msitazame dawa? Ajapo mzee na karatasi ya dawa tano au zaidi, mimi hushtuka kabla sijamwona. Ya presha mbili, ya sukari, ya maumivu, ya usingizi, na kile kidonge cha neva alichopewa na daktari wa tatu asiyejua wa kwanza alitoa nini. Hiyo ya usingizi na hiyo ya neva ndizo zimwangushazo akiamka usiku kwenda msalani. Dawa haifichiki kama ugonjwa: lazima itoke dukani, lazima ilipiwe.

#25 NesiWaUsiku
@Mpwani_Eastleigh inafichika sana. Nusu ya dawa za shosho ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto, amenunua mwenyewe au kaletewa na jirani. Akilazwa anaendelea kuzimeza kisirisiri juu ya zile tunazompa. Ukimuuliza anakwambia "hizo si dawa, ni za miguu."

#26 Mpwani_Eastleigh
Hapo umeniweza.

#27 Mnyoosha_Viungo
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi ndiye huwa naitwa baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa hasira kidogo.

Nyote mnajadili kana kwamba mzee anaingia hospitalini na udhaifu wake mfukoni na kazi ni kuupata. Udhaifu mwingi tunautengeneza sisi hapo wodini. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007: walichukua wazee wenye afya njema, wakawaomba walale kitandani siku 10 tu, chakula wanapewa, ugonjwa hawana. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Sasa wetu ana nimonia, chakula cha hospitali hakimpendezi, kitanda ni kirefu miguu haifiki chini, kamba ya mkojo imefungwa pembeni, na jamaa wanamwambia "mama lala, usijisumbue, tutakuletea." Siku ya kuruhusiwa anashikwa huku na huku, magoti yanakataa. Watu wanasema "ni uzee". Wiki mbili zilizopita alikuwa anapanda ngazi za Kaloleni na mtungi wa maji!

Hata kipimo cha Rockwood chenyewe kinataka uulize mtu alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua. Ukimpima jinsi alivyolala leo, kila mgonjwa ni 7, dhaifu sana.

Kwa hiyo @Mtunza_Faili, huenda sifuri yako ni ya kweli! Aliingia akiwa sifuri. Hao wazee ambao sista alikuonyesha wamedhoofika wakiwa ndani.

#28 Binti_wa_Kaloleni
Kaloleni hakuna ghorofa, ndugu 😂 lakini mengine yote ni mama kabisa. Nilimwambia "lala" kwa mdomo wangu.

#29 Daktari_Mchovu
@Mnyoosha_Viungo nusu nakubali. Lakini uliona wale wanaofika tayari hawajiwezi, wamekaa nyumbani miezi wakilishwa uji, na tunaletewa siku ya mwisho? Hao si sisi tuliowafanya. Tatizo ni kwamba faili haitofautishi. Hakuna mahali pameandikwa alikuwaje nyumbani.

Na ukitaka kujua hesabu inasema kweli au la, utapima kwa nini? HFRS inasifiwa zaidi kwa kubashiri nani atakaa muda mrefu, zaidi ya siku 10. Hapa Nairobi mtu anakaa muda mrefu kwa sababu gani? Nimewahi kuwa na mama wa nyonga iliyovunjika, mwenye nguvu, akili timamu, alikaa kitandani wiki baada ya wiki akingoja watoto wachange pesa ya chuma cha kuwekewa. Mwingine alishapona, akabaki kwa sababu bili haijalipwa. Wa tatu hakuna aliyekuja kumchukua. Kompyuta itajifunza nini hapo? Itajifunza umaskini na kuuita udhaifu.

#30 Mwalimu_Takwimu
Hii ya #29 ningeiweka kwenye fremu.

Niongeze namba za utafiti wenyewe, maana mkubwa wa Mtunza_Faili pengine alionyeshwa slaidi nzuri tu. Uwezo wa hesabu kutenganisha mtu na mtu hupimwa kati ya 0.5, ambayo ni kubahatisha, na 1, ambayo ni kutokosea. Kwa kukaa muda mrefu ilipata 0.68. Kwa kufariki ndani ya siku 30, 0.60. Kwa kurudi hospitalini ndani ya siku 30, 0.56. Hizo ni za huko ilikozaliwa, rekodi za watu zaidi ya milioni moja, misimbo iliyojazwa na wataalamu. Kwa makundi inasema kitu: walio juu ya 15 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukaa muda mrefu kuliko walio chini ya 5. Kwa kupanga vitanda na wahudumu, inafaa. Kumshika mkono mzee mmoja na kumwambia "wewe utakufa", haifai hata kidogo, na walioitunga hawakusema inafaa.

#31 Binti_wa_Kaloleni
Na hao waliofariki ndani ya siku 30 mlijuaje wamefariki? Baba yetu aliruhusiwa, faili imeandikwa amepata nafuu. Tulimpeleka nyumbani Vihiga kwa sababu alitaka mwenyewe, akafariki huko, naibu chifu akatoa kibali cha mazishi, tukazika. Hospitali ya Nairobi haikupigiwa simu na mtu. Kwao huko mpaka leo baba ni mtu aliyepona.

#32 Mtunza_Faili
Pole sana. Na ndiyo hivyo, kwetu ataonekana ni mgonjwa aliyekwenda vizuri. Waingereza waliunganisha rekodi za hospitali na sajili ya vifo, sisi hatujaunganisha.

#33 Msomi_wa_CCC
Nawasoma kimya tangu jana. Mnasema Kenya hakuna rekodi za kumfuata mtu mmoja miaka mingi. Zipo, mnatafuta pasipo. Nenda kiliniki yoyote ya virusi vya UKIMWI, CCC, ukute KenyaEMR, rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta: uzito wa kila ziara, dawa, tarehe ya kurudi, nani alikosa. Wagonjwa wetu waliokuja vijana sasa wana miaka 60 na zaidi. Kupungua uzito bila kukusudia ni moja kati ya dalili tano za Linda Fried za mwaka 2001, pamoja na kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole na kutojishughulisha. Ukiwa na tatu kati ya hizo wewe ni dhaifu. Uzito tunao wa miaka na miaka. Anzeni na walio na data.

#34 Mwalimu_Takwimu
Wazo zuri, ila utakuwa umejenga kipimo juu ya wazee wanaofuatiliwa vizuri kuliko wazee wote nchini, kisha unamletea Mtunza_Faili akitumie kwa wasiofuatiliwa na mtu.

#35 Msomi_wa_CCC
Bora hicho kuliko I10 na E11.

#36 Mnyoosha_Viungo
Nimecheka kuhusu mzee wa gazeti mwenye 11.3. Ninyi hamwoni? Ana alama nyingi kwa sababu alitibiwa vizuri. Kiharusi chake kilitumwa kwangu, na fomu ya kumtuma mtu kwangu inadai uandike amepooza wapi, lini, kwa nini. Mkojo wake ulipimwa. Aliyeangaliwa ana misimbo, asiyeangaliwa ana sifuri. Anayeota jua anaota kwa sababu hiyo hiyo.

#37 Daktari_Mchovu
Inaelezea mmoja. Haielezei wodi nzima. Mimi nabaki kwenye fomu na bima.

#38 NesiWaUsiku
Mimi nabaki kwenye "alisumbua".

#39 Jamaa_wa_Githurai
Mimi nabaki kwenye nduma.

#40 Mtunza_Faili
Asanteni wote, mmenipa kazi badala ya jibu. Jumatatu naonana na mkubwa. Nimefikiria nimwambie hivi: HFRS tuiweke kando kwa sasa, tuongeze vitu vichache kwenye fomu ya kulaza, mzee alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua, ameanguka mwaka huu, alichanganyikiwa usiku, anameza dawa ngapi pamoja na zile za chini ya mto. Zikijaa mwaka mmoja ndipo turudi kwenye hesabu. Mnaonaje?

#41 Mnyoosha_Viungo
Ongeza kiti. Mzee anaanza ameketi, anasimama, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kuketi. Akifika sekunde 12 au zaidi, ana hatari ya kuanguka. Asiyeweza kusimama kabisa, andika hivyo hivyo. Kiti cha plastiki hakifai, kinateleza.

#42 Mzee_Kijana72
Mimi nitakuja kujipima hicho kiti. Na mniulize mwenyewe, si mwanangu.

#43 NesiWaUsiku
@Mtunza_Faili fomu ya kulaza tayari ina kurasa tatu. Ya maji anayokunywa na kutoa, ya vidonda vya kitanda, ya maumivu, zote hujazwa saa kumi na moja alfajiri kwa mkupuo, vema, vema, vema, kabla ya kukabidhi zamu. Utakachopata mwaka ujao ni wazee wote wa Nairobi walikuwa wazima wiki mbili kabla, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyechanganyikiwa.

#44 Mtunza_Faili
Sasa nifanyeje?

#45 NesiWaUsiku
Tuongezee sista mmoja wa usiku, nitakujazia hata rangi ya kofia ya kila mzee.

#46 Daktari_Mchovu
Huyo sista ana msimbo gani wa SHA?

#47 Wakili_Mtaani
😂😂 Mtunza_Faili, kabla ya Jumatatu niandikie inboksi. Hata hiyo fomu ina mambo ya idhini ya mgonjwa.